Wiki ya Zamu

Mwanangu, najua una haraka. Barua ya kazi umeipata juzi, na kampuni yenyewe inataka jibu kabla ya Ijumaa. Keti kidogo. Chai bado ina moto.

Kazi ya teknolojia ni kazi nzuri, sikufichi. Nilianza Nairobi wakati intaneti yetu ilipitia kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka 2007 M-Pesa ikaingia. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, na kijana wa Nairobi akaweza kumwandikia programu mteja wa ng'ambo bila kuinuka kitini. Nikawa mmoja wa vijana hao.

Nililolipenda kuliko mshahara ni hili. Mwezi wa tatu kazini nilikosea amri moja, ya mstari mmoja tu, nikafuta kumbukumbu za wateja. Nikakaa nikingoja kufukuzwa. Wakubwa wakazirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, kisha tukakaa mezani sote. Hawakuuliza ni nani. Waliuliza ilikuwaje hata mgeni akaachiwa ufunguo wa ghala. Sikuwahi kufundishwa hivyo shuleni, wala kwetu, ambako kikombe kikivunjika alitafutwa mtu.

Chakula nacho kilikuwa cha bure. Cha mchana, na cha jioni. Hicho cha jioni ndicho kilichoninasa, maana anayekula ofisini hana haraka ya kurudi kwake. Tena saa mbili usiku Nairobi ni saa nne asubuhi San Francisco. Wenzetu wa huko ndio kwanza wamechangamka, nasi tuna kikao nao. Wakirudisha saa zao nyuma Novemba, kikao kinasogea hadi saa tatu.

Baba yangu alikuja kututembelea kutoka Taveta na mkungu wa ndizi. Nilikuwa kwenye wiki ya zamu: mitambo ikianguka, simu inalia kwako, hata usiku wa manane. Alikaa siku tatu akiutazama mgongo wangu mbele ya kompyuta. Kila alipoanza neno nilimwambia, "Dakika tano, Baba." Siku ya nne nilipoinuka, alikuwa ameshapanda basi. Ndizi zilikuwa zimeiva jikoni, hatujala hata moja. Hitilafu niliyokuwa naitengeneza siikumbuki tena.

Halafu kuna hisa. Nilikubali mshahara mdogo kwa ajili ya haki ya kununua hisa za kampuni, inayokamilika kidogo kidogo kwa miaka 4. Usipomaliza mwaka wa kwanza, hupati kitu. Mimi na mke wangu tukajenga nyumba Kitengela, vyumba vitatu, juu ya karatasi. Kampuni ikakosa wawekezaji, ikafungwa. Walikuwa wakituita familia; siku ya mwisho nywila yangu ilikataa kabla sijamaliza kusoma barua yao. Karatasi ya hisa ninayo bado. Wewe uliza: ukiondoka, una siku ngapi za kuzinunua? Mikataba mingi hutoa 90 tu. Na bajeti yako ipange kana kwamba hisa hazipo.

Ikubali kazi, mwanangu. Kajifunze kwao kila wanachojua. Ila ukipata mgeni wiki ya zamu, mwombe mwenzako mbadilishane. Wenzangu wangekubali. Sikuwahi kuwauliza.