Tuachieni Ndoo Ndogo

Sisi wazee tunaheshimiwa sana. Tukitaka kuinuka kitini, kijana amekwisha kutushika mkono. Tukigusa jembe, tunapokonywa: "Pumzika, Babu." Yafaa tujiulize kama heshima hii ni wema mtupu.

Misuli isiyotumika hunyauka, hasa ya mapaja, na mwisho wake ni kuanguka. Walakini nguvu zaweza kurudi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 wenye umri wa miaka 90 hivi, waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu kwa majuma 8. Tisa walimaliza, na kwa wastani nguvu za miguu yao zilizidi maradufu. Miaka 90!

Basi anayemzuia mzee kufanya anachokiweza, hata kwa upendo, anamnyang'anya kitu. Na mzee anayependa kutumikiwa angali ana nguvu (utamu wake tunaujua) anawawekea wanawe mzigo wa kesho: kumbeba. Hatumsemi mgonjwa, huyo na amwulize mganga kwanza.

Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu. Kwenda kanisani kwa miguu kumo katika hesabu hiyo, hata kupalilia. Nyumbani twainuka kitini mara kumi bila kushika kitu. Wajukuu hucheka, kisha huhesabu.

Vijana, ile ndoo kubwa chukueni ninyi. Ndogo tuachieni.