Posho ya Diwani: Haki au Ulafi?

Vijana wenzangu, kila posho za madiwani zikitajwa nasikia: "Si kazi ya kujitolea hiyo? Walipwe ya nini?" Hebu tutafakari kidogo.

Diwani wa Tanzania hana mshahara. Ana posho ya mwezi na ya vikao. Tukisema asipewe kitu, nani atagombea? Mwenye maduka na magari. Mama muuza mchicha, hata awe na hekima kiasi gani, atabaki kupiga kura tu. Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki katika Rerum Novarum mwaka 1891, nami naona posho ni haki.

Ila fedha hiyo ina wenyewe. Hata Serikali Kuu ilipoanza kulipa posho ya mwezi kwa halmashauri nyingi, mwaka wa fedha 2021/22, bado ni kodi yetu, ya huyo mama ikiwemo. Mtume Paulo alijua ana haki ya kutunzwa na Wakorintho, lakini hakuitumia, ili Injili isipate kikwazo. Haki ipo kwa ajili ya utume. Kikao kikiitishwa kwa ajili ya posho, hapo tumepotea.

Na sisi je? Tunampelekea diwani kadi za michango ya kila harusi, halafu tunamwita mlafi! Wiki hii ukikutana naye, usimpe kadi. Muulize ushuru wa soko umefanya nini. Kisha mwombee.

Tafakari njema!