Je, Chombo Kilichoharibika Kidogo Kinafaa Kutupwa?

Katika nchi ya Haut-Lomami simu imekuwa chombo cha kila siku. Mama wa Kamina hupata kwayo habari za mwanawe aliye Lubumbashi. Mchuuzi huuliza bei ya samaki wa Bukama kabla ya kupanda gari la moshi. Lakini chombo hicho nacho huchakaa. Mara nyingi katika simu za zamani zenye kioo cha kugusa huharibika kitufe cha ubavuni, kile cha kuwashia na kuzimia. Mwenyewe hukibonyeza mara moja, mara mbili, mara kumi, nacho hakiitiki.

Hapo humjia mawazo matatu: kuitupa simu hiyo, kumwuzia mtu asiyejua ila yake, au kuitengeneza. Mkatekumeni anayejifunza Amri za Mungu na ajiulize: je, mawazo hayo yote ni sawa mbele ya Mungu?

Mmoja atasema: “Simu ni mali yangu. Niliinunua kwa jasho langu. Nikiitupa, nimemkosea nani?” Neno hilo lina ukweli ndani yake, kwa maana Kanisa linakiri haki ya mtu kuwa na mali. Lakini Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kumiliki ni jambo moja na kutumia ni jambo jingine. Mtu aweza kumiliki vitu kuwa vyake. Ila katika kuvitumia yampasa avihesabu kama vitu vya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Tena Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2409, yataja ubadhirifu miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba, ile inayokataza wizi. Basi mtu aweza kuivunja amri hiyo akiwa ameketi nyumbani mwake, bila kugusa mali ya jirani.

Nani basi hukosewa? Kwanza ni jamaa yake mwenyewe. Fedha ya kununua simu nyingine ingalinunua dawa, unga na madaftari ya watoto. Pili ni wale waliotokwa na jasho ili simu ipatikane. Katika betri za simu mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi hii ya Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga, majirani wa Haut-Lomami. Wengine huichimba kwa mitambo mikubwa. Wengine huichimba kwa mikono yao, katika mashimo yanayoweza kuwafukia, na hata watoto wameonekana huko. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alilaumu desturi ya kutupa-tupa vitu. Na alipofika Kinshasa mwaka 2023 alililia jinsi mali ya Kongo inavyonyang'anywa. Anayetupa chombo kizima kwa sababu ya kitufe kimoja, hutupa pamoja nacho taabu ya watu hao.

Tazameni mfano wa Bwana Yesu. Alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaamuru mitume wakusanye vipande vilivyobaki, pasipotee kitu; wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate bila kikomo hakukubali makombo yapotee.

Kwa hiyo yafaa kujaribu kutengeneza kwanza, kwa utaratibu na kwa saburi. Mara nyingi kitufe hakikufa. Kimezibwa tu na jasho la mikono na vumbi jekundu la kiangazi. Mwenye simu aondoe kifuko chake cha mpira, maana kikibana sana huweza kukikandamiza kitufe. Azime simu, na ikiwa mgongo wake hufunguka, atoe betri. Kisha achukue mswaki mkavu wenye nywele laini, apanguse ukingo wa kitufe. Uchafu ukikaidi, atie alkoholi kidogo ya duka la dawa kwenye mswaki, asiimimine juu ya simu. Akibonyeze kitufe polepole mara nyingi, kisha aiache simu hata ikauke kabisa. Asitumie maji, wala mafuta, wala kisu, wala sindano. Akiona betri imevimba, asiiguse kwa chuma wala kuikandamiza, kwa sababu yaweza kuwaka moto.

Asipofaulu, ampelekee fundi na kumlipa ujira wake. Fundi naye ana amri hiyo hiyo. Akijua kwamba shida ilikuwa vumbi tu, kisha akatoza fedha ya kitufe kipya, amekwiba.

Yabaki wazo la kuuza. Simu nyingi huwaka kioo zikiunganishwa na umeme, hata kama kitufe hakifanyi kazi. Mjanja aweza kuiwasha nyumbani na kuipeleka sokoni ikiwaka, mnunuzi asione neno. Mtakatifu Tomasi alilipima jambo hili pia. Ila iliyo wazi, kama kioo kilichopasuka, muuzaji halazimiki kuitaja, mradi apunguze bei inavyostahili. Ila iliyofichika, inayomtia mnunuzi hasara, sharti aitaje. Huenda mnunuzi akisikia kweli ataondoka, na muuzaji atarudi nyumbani bila fedha, huku watoto wakingoja chakula. Hasara hiyo ni ya kweli, wala haifai kuidharau. Hata hivyo, fedha iliyopatikana kwa kumficha jirani ni fedha ya jirani, naye huenda ana watoto wanaongoja vilevile.

Aliyekwisha kuuza kwa namna hiyo asidhani kwamba ubatizo utamfutia deni. Ubatizo huondoa dhambi zote, lakini hauigeuzi mali ya mwingine kuwa halali ya yule aliyeichukua. Kabla ya kufika kisimani pa ubatizo, na amtafute mnunuzi, amwambie kweli, amrudishie sehemu ya fedha iliyozidi. Au, akiweza, amtengenezee kitufe hicho bila malipo.