Hadithi ya Wengi ni ya Nani?

Vijana waliopenda kitabu kimoja, huyu Shinyanga, yule Geita, wasioonana ila kwa simu, wakikusudia kuiendeleza hadithi yake pamoja, kila mtu sura yake, hupangana upesi nani aanze na nani afuate. Swali gumu huliacha nyuma: ikiisha itakuwa ya nani?

Katika machimbo madogo ya dhahabu, kama ya Nyarugusu, swali hilo halingojwi. Fungu la mwenye duara na la wachimbaji hupatanwa kwanza, kisha mawe yapandayo hugawanywa kwa mifuko. Lakini sura haipimwi kwa mfuko. Pengine neno moja la aliyeandika kidogo ndilo lililoipa hadithi nzima uhai.

Ngoma ya Wasukuma yafundisha jingine. Tangu Ngika na Gumha, kama isimuliwavyo, wachezaji wamegawanyika Bagika na Bagalu. Hushindana kwa wakati mmoja, na waliovuta watu wengi zaidi ndio washindi. Wimbo hupokewa na kundi zima, lakini ningi, yaani mtunzi wake, hujulikana. Sifa ina pa kwenda, na lawama pia.

Basi vijana hao na waandike majina yao kabla ya sura ya kwanza, si kwa kugawana faida (ambayo huenda isipatikane kamwe), bali ili atakayeumizwa na hadithi ajue wa kumwuliza. Na atakaye kulificha lake? Aulizwe mapema anaogopa nini. Huenda ana sababu njema, nayo wenzake wana haki ya kuijua.