Mchoraji Mbele ya Ibn Abbas



Ndugu zangu katika imani, kuna mwenzetu anayesoma sanaa hapa chuoni. Muhula uliopita hakukosa darsa hata moja ya Alhamisi. Sasa haonekani. Sababu ni mimi, na ndiyo maana naandika.

Alinionesha kwenye simu michoro ya Archibald Prize, maonesho ya kila mwaka kule Sydney, Australia. Yalianza 1921 kwa fedha za wasia wa mwanahabari J. F. Archibald. Kila mchoro ni sura ya mtu, na sharti mwenye sura awe amekaa mbele ya mchoraji angalau mara moja. Mwenzangu alikuwa na swali la dhati: kazi yake ya mwisho wa mwaka ni kuchora uso, afanyeje? Nikamrushia hadithi ya wachoraji watakaoambiwa wavitie uhai walivyoviumba. Mbele ya watu, mlangoni mwa kantini. Kisha nikaingia kula.

Hadithi ni sahihi, sipunguzi neno. Jumhuri ya wanazuoni wanakataza kuchora kwa mkono vyenye roho. Wapo, hasa miongoni mwa Wamaliki, waliolegeza katika picha isiyo na kivuli. Mimi nafuata jumhuri. Al-Musawwir ni jina la Mola wetu, limo mwishoni mwa Suratul Hashr.

Lakini tazameni alivyofanya Ibn Abbas (r.a.). Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora. Katika riwaya ya Muslim, alimwambia asogee, akasogea. Akamwambia tena, akasogea, mpaka akamwekea mkono kichwani. Ndipo akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.). Wala hakumwacha hivyo: alimwambia kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Nimeisoma hadithi hii darasani, nikaandika na mtihani wake. Huo mkono sikuuona.

Maonesho hayohayo yana kisa kinachonisumbua. Mwaka 1943 William Dobell alishinda kwa sura ya mchoraji mwenzake, Joshua Smith. Wachoraji wawili wakafungua kesi wakidai ile si sura bali kikaragosi. Mahakamani uso wa mtu aliye hai ukajadiliwa hadharani, na daktari mmoja aliyetoa ushahidi akaufananisha na wa maiti. Dobell alishinda kesi mwaka 1944, ingawa afya yake iliharibika. Na Smith? Yeye hakushtaki wala hakushtakiwa, lakini watu waliucheka uso wake. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza watu kudharauliana. Sikumbuki kuifikiria siku ile wenzangu wa meza walipoangua kicheko, nami nikafurahi kwamba nimeshinda hoja.

Nimekwenda hosteli kwake mara mbili, simpati. Juzi nimemuuliza mhadhiri wa idara yao, bila kutaja jina la mtu, akasema mwanafunzi anaweza kuomba kuchora mandhari badala ya uso. Swali la dakika mbili! Nilipaswa kuliuliza kabla ya kufungua mdomo.

Ndugu yangu, ukisoma haya: ombi linapokelewa mpaka mwisho wa mwezi. Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwa langoni mwa hosteli yako, nitakusubiri mpaka Magharibi. Na niliyoyasema mbele ya watu, nitakuomba radhi mbele yao.