Anayefungua Afunge

Swali langu ni hili: je, mtu ana haki ya kufungua kitu bila kujua kama ataweza kukifunga? Nauliza kwa sababu hapa Nakivale tunafungua vitu kila siku. Tunafungua simu, redio, pikipiki. Na sisi watu tunafunguana kwa maswali. Nitaanza na mlango wa gari, maana hapo jambo lenyewe linaonekana kwa macho.

Papa mmoja jirani yetu ana Toyota ya zamani inayobeba abiria kwenda Mbarara. Kioo cha mlango wa mbele kilishuka kikakataa kupanda. Gereji ya mjini ni pesa, basi akafungua mwenyewe nyumbani, mimi nikimshikia vifaa.

Kutoa kava la ndani la mlango si kazi ngumu. Unatafuta skrubu zilizojificha: moja nyuma ya kishikio cha kufungulia, nyingine kwenye kile kishimo unachoingiza vidole ukivuta mlango. Halafu unaingiza kitu bapa upande wa chini, hata bisibisi iliyofungwa kitambaa, unavuta taratibu. Klipu za plastiki zinaachia moja moja, pah, pah. Dakika chache tu na kijana yeyote anajiona fundi.

Kazi yenyewe iko mbele. Kwanza, kava halijawa huru. Nyuma yake kuna waya za swichi ya kioo na kamba ya kitasa. Ukivuta kwa haraka, unakata kitu kilichokuwa kizima. Pili, klipu zilizopigwa jua miaka mingi zinavunjika hata ukiwa mpole. Tatu, kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Wengi wanaichana na kuitupa, wanadhani ni uchafu wa kiwandani.

Kumbe ile nailoni ina kazi kubwa. Maji ya mvua hupita kwenye mpira wa kioo na kuingia ndani ya mlango. Ndivyo mlango ulivyotengenezwa: chini kuna vitundu vya kuyatoa. Nailoni inayazuia yasije upande wa abiria. Ukiitupa, leo huoni tofauti yoyote. Siku ya mvua kubwa zulia linalowa, gari linanuka, bati la chini linaanza kula kutu. Na aliyefungua hayupo.

Nilichojifunza kwa yule Papa ni mpangilio wake. Alinunua klipu mpya kabla hajagusa bisibisi. Skrubu aliziweka kwenye kifuniko cha chupa ili zisipotee. Alipotengeneza mashine ya kioo, alikipandisha na kukishusha mara kadhaa mlango ukiwa bado wazi. Nailoni aliirudisha. Ndipo akapachika kava, ukingo wa juu kwanza, kisha akagonga kwa kiganja pale palipo na klipu. Nikamwambia, "Papa, hii nailoni nani ataiona?" Akajibu, "Mwanangu, mvua itaiona."

Kwa hiyo kufunga ni nini? Si kufunika. Kava linaweza kukaa vizuri kabisa juu ya kazi mbaya. Kufunga ni kuhakikisha kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kabla hujaja bado kinafanya kazi ukiondoka. Na kama kuna kilichoshindikana, mwenye gari ajue kabla hajalipa.

Sasa nije kwa watu. Katika kikundi chetu cha vijana kuna mdogo wangu mmoja wa miaka 17. Wageni fulani walikuja, wakamwomba asimulie alivyotoka nyumbani. Alisimulia. Alipofika mahali pa mama yake alishindwa kuendelea. Walimshukuru, wakampa soda, gari likaondoka kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha. Usiku huo hakulala, na sisi tuliobaki naye pia hatukulala. Sidhani wale wageni walikuwa na roho mbaya. Walijua kufungua, basi.

Mtu atanipinga: tusipouliza, tutasaidiaje? Ana haki. Mkataba wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi, na ofisa hawezi kuipima hofu hiyo bila kuuliza. Kuna pia mambo ambayo mtu akiyafungia moyoni yanamla. Kioo kilichokwama hakipandi kwa kuogopa skrubu. Sisemi basi tusifungue kabisa.

Nasema kwamba haki ya kufungua inakuja na deni. Wala si wazo la mkimbizi mwenye hasira tu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na War Trauma Foundation na World Vision International, unawaambia watoa huduma wasimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Unataja hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hiyo ya tatu ndiyo klipu. Kabla hujauliza, uwe unajua utamuunganisha mtu huyu na nani baada ya wewe kuondoka.

Lakini mfano wangu una mwisho wake, maana mtu si mlango. Mlango hausemi "hapo usiguse". Mtu anasema, na akinyamaza pia anasema. Tena mwenye gari ndiye aliyetaka mlango ufunguliwe, kioo ni shida yake. Sisi mara nyingi tunafunguliwa kwa shida ya mwingine: ripoti yake, picha yake, mradi wake. Na mtu anaweza kujifunga mwenyewe akipewa nafasi na muda. Kwa hiyo deni la kwanza la anayeuliza ni kumwachia mwenzake uwezo wa kusema "leo tuishie hapa", bila kupoteza chakula, nafasi wala heshima.

Sisi vijana tunaofanya kazi na vijana wenzetu hatujaepuka hili. Nasi tunapenda ushuhuda kwenye mikutano, maana unagusa watu. Ndiyo maana kikundi chetu kimekubaliana juu ya maswali matatu kabla ya kumwomba mtu hadithi yake. Nani anaihitaji, yeye au sisi? Ni sehemu gani tu inayohitajika? Na nani atakaa naye jioni? La tatu likikosa jina la mtu aliyekubali mwenyewe, hatuulizi.

Kwa wenzetu wa mashirika wanaosoma hapa, ombi ni dogo. Katika ratiba ya mahojiano, andikeni pia muda wa kufunga: nusu saa ya kukaa, chai, na jina la mtu atakayerudi kesho yake asubuhi. Gari la ofisi lisubiri kidogo.