Huruma Peke Yake Haitoshi

Husemwa mara nyingi kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Msemo huu ni wa kweli, lakini haujitoshelezi. Kwani kioo huonyesha jeraha, wala hakisemi ni nani aliyejeruhi. Je, mshairi anayewaonea wanyonge huruma amekwisha kutimiza wajibu wake?

Tutazame mfano wa William Blake, mshairi Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1757, akafa huko huko mwaka 1827. Katika zama zake watoto wa maskini waliuzwa kwa mabwana, wakaingizwa ndani ya dohani za majumba ili wakwangue masizi. Wengi walilemaa viungo. Wengine walikwama humo wakafa. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kuwatumikisha walio chini ya umri wa miaka 8, lakini haikupata wa kuisimamia.

Blake alitunga mashairi mawili juu ya watoto hao. Katika lile la mwaka 1789, mtoto mmoja anamwota malaika akiwafungua wenziwe, na kulipokucha anarudi kazini ameliwazika. Katika lile la mwaka 1794 ndoto hiyo haimo. Mtoto yumo thelujini, wazazi wake wamekwenda kanisani kusali, na lawama yake yafika mpaka kwa kasisi na kwa mfalme.

Shairi la kwanza latutoa machozi. La pili latudai jibu. Machozi hukauka upesi, na aliyelia huweza kulala akijiona mwema. Kumbe kila jumba lililowasha moto lilihitaji dohani safi. Hata msomaji aliyemlilia mtoto yule alikuwa akiota moto ule ule.

Yawezekana kupinga kwamba mashairi hayo hayakumwokoa mtoto hata mmoja, kwa kuwa kazi hiyo haikukomeshwa kikamilifu mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1875. Twakubali kwamba shairi si sheria. Hata hivyo, dhuluma isiyotajwa mwenyewe haina wa kushtakiwa, na kumtaja ndiyo kazi ya mshairi.

Basi tusomapo ushairi wa namna hii darasani, tusikome kwenye kuuliza ni nani anayeteseka. Tuulize pia ni nani anayenufaika. Tena tuwe na ujasiri wa kutazama kama sisi wenyewe hatumo.